Barua kwa Mwanangu: Wanasayansi Wana Hakika Kiasi Gani?

Moshi

Mwanangu mpendwa Neema,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na baba yako anaendelea vizuri na migomba yake. Swali lako nimeliona kuwa zito mno kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Unasema kwamba katika mdahalo wa chuo mwenzako alidai wanasayansi wa tabianchi hawaaminiki, kwa kuwa hapo zamani waliandika kwamba hawawezi kuthibitisha kama binadamu ndiye anayeongeza joto la dunia, baadaye wakaandika kwamba huenda ni yeye, na leo wanasema jambo hilo halina shaka. Na ukumbi ukampigia makofi. Mimi niliyefundisha fizikia kwa miaka mingi nataka kukueleza kwa nini historia hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwaamini.

Kwanza umpe mwenzako haki yake, kwa maana alichokisimulia kilitokea. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi liliundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la hali ya hewa na la mazingira. Katika ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 1990, lilisema kwamba ongezeko la joto lililokuwa limepimwa lingeweza pia kuwa mabadiliko ya kawaida ya asili, na kwamba ingechukua muongo mmoja au zaidi kabla ya mchango wa binadamu kuthibitishwa pasipo utata. Mwaka 1995 likaandika kwamba ushahidi, ukipimwa wote kwa pamoja, unaashiria kuwa mchango huo unatambulika. Ripoti ya 2001 ikasema kuna uwezekano wa zaidi ya asilimia 66 kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka 50 iliyotangulia imetokana na gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, zilizoongezwa na shughuli za binadamu. Ya 2007 ikapandisha uwezekano huo kuwa zaidi ya asilimia 90. Na ya 2013 ikaufikisha 95. Ile ya 2021 haikutaja asilimia yoyote katika jambo hili, bali ilitamka kwamba haina utata kuwa binadamu ameipasha joto angahewa, bahari na nchi kavu.

Miaka 31 kutoka neno la kwanza hadi la mwisho! Mzushi hana subira ya namna hiyo. Isitoshe, muhtasari wa kila ripoti hupitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali, zikiwemo serikali za nchi zinazoishi kwa kuuza mafuta, ambazo hakuna anayeweza kudhani zina hamu ya kuona mafuta yakilaumiwa.

Hata hivyo sitaki uamini kwa sababu ya jopo lolote, maana wingi wa wanaokubaliana si ushahidi wenyewe. Kwamba hewa ukaa, yaani gesi yenye kaboni inayotoka makaa na mafuta yanapochomwa, huzuia joto linalopanda kutoka ardhini si habari ya jana: John Tyndall aliipima sifa hiyo katika maabara yake London tangu mwaka 1859, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa akakokotoa kwa mkono joto lingeongezeka kiasi gani kama hewa hiyo ingekuwa maradufu. Kabla ya enzi ya viwanda angahewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Charles Keeling alipoanza kuipima mfululizo juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii mwaka 1958, zilikuwa kama 315, na sasa zimepita 420.

Hapo mwenzako anaweza kuuliza, na ni haki yake kuuliza, tumejuaje kwamba nyongeza hiyo imetoka kwetu na si kwenye volkano au baharini. Jibu lake kwangu ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa za sayansi ya karne iliyopita. Kaboni ina aina zaidi ya moja zinazotofautiana kwa uzito, na mimea inapojitengenezea chakula hupendelea ile nyepesi. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vya kale vilivyopata kaboni yao kwa njia hiyo, kwa hiyo yana upungufu wa kaboni 13, iliyo nzito zaidi. Na kwa kuwa yamefukiwa kwa mamilioni ya miaka, hayana tena kaboni 14, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730 hivi. Basi yakichomwa, moshi wake hauna budi kuipunguza sehemu ya aina zote mbili angani. Hans Suess aliiona dalili hiyo katika mbao za miti na kuitangaza mwaka 1955, na vipimo vya hewa vimeendelea kuonyesha sehemu ya kaboni 13 ikishuka. Wakati huohuo oksijeni ya angani nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyopaswa pale kitu kinapoungua. Volkano hazili oksijeni kwa namna hiyo, na hewa ukaa zinayotoa kwa mwaka haifiki hata asilimia moja ya ile tunayotoa sisi.

Vipi kuhusu jua? Lingekuwa jua, angahewa yote ingepata joto, chini hadi juu. Lakini usiku wa Julai hapa Moshi unapojifunika blanketi, ndani unapata joto na nje ya blanketi hubaki baridi, na angahewa inafanya vivyo hivyo: tabaka la chini linapata joto, lile la juu linaloitwa stratosfia linapoa. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilikokotoa jambo hili mwaka 1967, kabla setilaiti hazijaanza kulipima, na Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. (Kwa haki, sehemu ya kupoa huko imetokana na kupungua kwa ozoni, lakini katika kimo cha juu zaidi hewa ukaa ndiyo mhusika mkuu.) Mwangaza wa jua wenyewe umepimwa kwa setilaiti tangu 1978, nao haukuongezeka katika miongo ambayo joto limepanda.

Sasa nikuonye juu ya mlima wetu, kwa kuwa najua utashawishika kuutumia. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Picha za kilele cha Kibo zimezunguka dunia kama shahidi mkuu wa ongezeko la joto, lakini wataalamu waliopima kule juu wameonyesha kwamba mambo si mepesi. Kileleni joto la wastani liko chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji, bali jua huigeuza mvuke moja kwa moja. Na ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, pale hali ya hewa ya eneo hili ilipoingia ukavu, kabla viwanda havijaongeza gesi nyingi. Ongezeko la joto lina nafasi yake katika kisa hiki, lakini ukubwa wa nafasi hiyo bado unajadiliwa. Kuna watafiti walioandika mwaka 2002 kwamba barafu hii ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu bado tunaiona kutoka uani. Ukiuleta mlima kwenye mdahalo, mwenzako aliyejiandaa atakushinda, na wasikilizaji watadhani hoja nzima imeanguka.

Zipo pia sehemu nyingine ambako sayansi yenyewe inasema haijafika. Mwaka 1979 ilikadiriwa kwamba hewa ukaa ikiwa maradufu, dunia itapata joto la nyuzi 1.5 hadi 4.5, ripoti ya 2021 imepunguza pengo hilo kuwa 2.5 hadi 4, na miaka zaidi ya 40 imetumika kupata hatua hiyo moja. Mvua zetu ni fumbo kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1980 masika yalikuwa yakipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ilhali programu nyingi za kompyuta zinatabiri kwamba mvua za ukanda huu zitaongezeka, na wataalamu hawajakubaliana kwa nini. Mkulima wa Same akiuliza apande mahindi gani mwaka ujao, ile asilimia 95 haimjibu, kwa sababu ilitolewa kwa swali jingine.

Kwa hiyo mkikutana tena, usimwambie mwenzako kwamba wanasayansi wana hakika juu ya kila kitu. Mwulize ni chanzo kipi kingine kinachoweza kupasha joto chini, kupoza juu, na kupunguza kaboni 13 angani, yote kwa wakati mmoja. Akikupa jibu, uniandikie, nami nitalipima.

Baba anakusalimu, na shangazi yako anauliza lini utaanza likizo.

Ni mimi,
Mama yako