Mwanangu, hiyo 3.8S ya nyuma

Mwanangu Mwanaidi,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, ila goti la mama yako, na hilo si geni.

Picha zako mbili za gari nimezipata. Uliandika, "Baba nichagulie rangi." Rangi nimeiona. Nilichokiona zaidi ni maandishi madogo nyuma ya lile la buluu, pembeni ya buti: 3.8S. Nikamwita mjukuu wa Bi Zuhura atafute kwenye simu yake. Kumbe ni sekunde. Kutoka limesimama mpaka kilomita 100 kwa saa, sekunde 3.8. Lile jeupe, 5.9. Usingizi ulikata hapo hapo.

Sikukatazi kununua. Binti wa Ngamiani anachukua gari jipya la umeme, BYD Seal, huko Leicester, Uingereza, kwa jasho la zamu za usiku, nani kama mimi? Barazani nimewaambia mpaka wamechoka. Ila ungeniuliza kabla hujaenda kulijaribu, maana miaka 31 nimekula kwa usukani, na wewe umekula humo humo.

Basi sikiliza. Betri ni ileile kwenye yote mawili, kilowati-saa 82.5. Jeupe, hilo wanaloliita Design, lina mota moja nyuma, nguvu za farasi 313, na kwa vipimo vya Ulaya chaji moja ni kilomita 570. La buluu, Excellence, lina mota mbili, farasi 530, na linaishia 520. Yaani unaongeza pauni 3,000 ili ukome njiani mapema! Na baridi ya kwenu itakata tena kwenye yote mawili. Mwendo wa mwisho je? Yote 180. Na barabara zenu kuu mwisho ni maili 70, kama kilomita 112 hivi. Sasa hizo sekunde mbili utazitumia wapi, mama? Kwenye taa za barabarani, kumwonyesha nani?

Utaniambia barafu, kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Kweli, kuondoka litaondoka vizuri. Kusimama ni habari nyingine. Hapo kazi ni ya tairi na breki, na la buluu lina kilo 130 zaidi za kuzuia.

Lile basi langu la Dar, pamoja na abiria na mizigo yao juu, halikuwa na hata nusu ya hao farasi 530. Ukikanyaga linanguruma kwanza, linajivuta, unapata nafasi ya kubadili mawazo. La umeme halina gia za kupanda wala kelele. Mguu ukigusa, nguvu yote ipo. Na mguu ukishajua nguvu ipo, hautulii. Nakwambia hautulii. Yale ya Segera unayajua, siyarudii. Trafiki waliandika utelezi, nami nikawaacha waandike utelezi. Kila ukituma picha huwa naangalia kwanza pale juu ya jicho lako.

Kwa hiyo jeupe. Na kuchaji usitishwe na watu wa kazini. Betri hii ni ya chuma na fosfeti, ukiijaza mpaka 100 haina neno. Tairi lakini zikague mwenyewe kila mwezi, usingoje taa iwake. Hukunisikiliza kwenye baiskeli, nisikilize hapa.

Bati mbili za jikoni zimetoboka, upande wa mwembe. Fundi nimempata, anakuja Jumatatu. Mama yako anasema nimeandika barua yote hii ili hizo pauni 3,000 ziishie kwenye bati. Si kweli, na wewe usizitume. Ada ya Rashidi tumelipa nusu, mwalimu mkuu ni muungwana, amekubali kungoja. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri, mama yako anamnywesha kwa chupa ya soda na ananuna nikimcheka.

Umesema unalipa Ijumaa. Nipigie Alhamisi kabla hujaingia zamu, hata kama huku ni usiku. Simu nitalala nayo chini ya mto.

Ni mimi baba yako