Lazanya ya sikukuu ipangwe siku moja kabla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wasomaji wenzangu, hasa wanaopokea ndugu wengi wakati wa Krismasi, kwamba lazanya, chakula cha Kitaliano cha tabaka za tambi pana, nyama ya kusaga, sosi nyeupe na jibini, ipangwe siku moja kabla, ili mama wa nyumba naye apate kwenda kusali na kuketi na wageni wake.

Rojo la nyama, lenye nyanya, vitunguu na karoti, lichemke taratibu kwa takriban saa 2 hadi liwe zito, kwani likibaki majimaji tabaka huteleza wakati wa kukata. Tambi zikilala ndani ya rojo usiku kucha huloweka ladha yake, jambo ambalo haraka ya asubuhi haiwezi kulifanya.

Ninalolisisitiza zaidi ni usalama, kwa sababu joto la Desemba hapa Mtwara halina huruma kwa nyama na maziwa: chakula kikishapikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, bali kifunikwe na kuwekwa kwenye friji isiyozidi nyuzi joto 5. Umeme usipoaminika, ni heri kupika alfajiri.

Ovena iwe nyuzi 180 kwa muda wa saa 1 hivi. Asiye nayo apalie makaa juu na chini ya sufuria, kama tufanyavyo kwa mkate wa kumimina, kisha aiache itulie dakika 15 kabla ya kuikata.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara