Kuitwa mbele ya jopo kuu sio kushtakiwa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi niseme jambo linalonikera sana. Mdogo wangu wa tumbo moja anaishi Marekani na mumewe, walimuasili mtoto wa kiume huko huko, saivi yuko shule ya msingi. Huyo mtoto aliumizwa na mtu mzima aliyeaminiwa kumwangalia, kesi imefika kwenye jopo kuu la mahakama na mdogo wangu kaitwa kutoa ushahidi. Kaitwa kama shahidi jamani! Lakini huku Ujiji habari imeshageuka, mpaka mwaloni Kibirizi ninakouza dagaa kuna mtu kaniuliza eti mdogo wako kafungwa miaka mingapi.

Lawama nyingine naipeleka kwa magazeti yetu, kesi za Marekani mnaziandika kama vile jopo kuu likishasema basi mtu kahukumiwa. Sio hivo. Lile jopo ni wananchi wa kawaida, kwenye kesi za serikali kuu ya kule wanakuwa 16 mpaka 23, mwendesha mashtaka anawaletea mashahidi na vielelezo, wakikubaliana angalau 12 kwamba ushahidi unatosha ndo mtu anafunguliwa mashtaka, majimbo nayo yana hesabu zao. Hatia inaamuliwa mbele ya safari na watu wengine kabisa. Si mnakumbuka Trump kule New York, jopo kuu lilipitisha mashtaka Machi 2023, wananchi wengine 12 waliosikiliza kesi yenyewe na kumkuta na hatia walitoa uamuzi Mei 2024. Na hata kwetu kesi ya mauaji ikifika kwa hakimu tunasoma kila siku mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kuisikiliza, hakuna anayesema keshahukumiwa huyo.

Mdogo wangu ananitumia voisi usiku wa kwao, huku kumeshakucha napanga mzigo. Wakili kamwambia atamsindikiza mpaka mlangoni tu, ndani haingii na jaji hayumo, akitaka kumuuliza kitu aombe atoke nje kwanza. Ajibu alichoulizwa, asikisie, kama hakumbuki aseme hakumbuki. Kaandaa faili lake, kuna karatasi za daktari, barua za shule, na juu kabisa kaweka amri ya mahakama ya kuasili. Nikamuuliza hiyo ya nini wakati hakuna aliyeiomba, akasema dada, naogopa waniulize kama mimi ndo mama yake kweli halafu nishindwe kuongea. Nililia palepale mbele ya wateja.

Maana wanaomuuliza swali hilo ni ndugu zetu wenyewe, kwenye grupu la ukoo mtu mzima kabisa kaandika ndo shida ya kulea damu isiyo yako. Aliyegundua mtoto kaumizwa ni yeye, aliyepiga simu polisi ni yeye, leo anabebeshwa lawama kisa hakumzaa? Hata Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 iko wazi, Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili mtoto anahesabika wa wazazi hao kama aliyezaliwa kwao. Na sisi watu wa Kigoma ndo wa kusema maneno hayo, sisi tulioishi na watoto waliovuka ziwa wakikimbia vita Kongo, wengine wametokea Burundi, tukala nao sahani moja?

Jingine wanasema anaficha kitu mbona haelezi. Shughuli za jopo kuu zinafanyika faragha, na wakili kamshauri asizungumzie ushahidi wake na mtu, hata mimi sijamuuliza.

Kwa hiyo Mhariri, mkiandika tena kesi kama hizi naomba muweke hata mistari miwili ya kueleza kesi iko hatua gani. Na ndugu zangu mnaosoma hapa, ambao mnajijua, mkimpigia msimuulize alihojiwa nini. Muulizeni mtoto kalala vizuri, kala, shule anaenda.

Mama muuza dagaa,
Ujiji, Kigoma