Usinunue pampu bado

Baba Neema, salaam.

Hapa kwema, mama watoto anakusalimia, na habari ya mahindi tutaongea siku nyingine. Ujumbe wako, kwamba Fundi Mrefu anataka eskaveta yako inunuliwe pampu mpya ya haidroliki, nimeusikiliza mara mbili. Naandika upesi kabla hujamtumia mtu hela: usinunue pampu.

Umesema mwenyewe bumu, ule mkono mkubwa, ndiyo inalegea mafuta ya haidroliki yakipata moto, huku amu, mkono wa mbele, na baketi ya kuchimbia vinavuta kama kawaida na mashine inatembea bila kwenda upande. Sasa pampu imekosa nini? Eskaveta za tani 20 kama yako zina pampu kuu mbili, na kwa kawaida kila moja inalisha cheni yake ya kutembelea. Moja ikichoka, mashine inavuta upande. Kazi moja ikigoma peke yake, tafuta kwenye njia ya kazi hiyo. Fundi Mrefu analijua hilo. Kwa nini mara hii kakimbilia pampu... basi, tuyaache.

Tafuta geji ya kupimia presha, ya bar 600, siyo ile ya 250 ya stoo, utaiua. Ifunge kwenye tundu la kupimia la pampu. Pasha mafuta yafike nyuzi 50 hivi, maana yakiwa baridi na mazito yanaficha uvujaji. Inua bumu mpaka mwisho, shikilia liva sekunde chache, soma. Kunja baketi mpaka mwisho, soma tena. Mashine nyingi za ukubwa huo zinakaa kati ya bar 320 na 350, ila kitabu cha mashine ndicho cha kufuata. Baketi ikitoa 340 na bumu 220, presha inatorokea upande wa bumu.

Hapo nenda kwenye ile valvu ndogo ya usalama ya bumu kupanda, inayoachia presha ikizidi, kwenye bloku kuu ya valvu. Ifungue, ibadilishane nafasi na ya baketi, mradi namba zilizogongwa juu yake ziwe zilezile. Ugonjwa ukihamia kwenye baketi, umeupata. Ukibaki kwenye bumu, tutatazama spuli, kile chuma kinachoteleza ndani ya bloku kugawa mafuta, na sili, raba za kuzuia mafuta kwenye silinda. Kazi ya saa moja na oringi mbili, vile vipete vya raba, halafu watu wanaagiza pampu! Mara nyingi utakuta kipande cha sili au chuma kimenasa kwenye kiti cha valvu, pale inapokaa ikifunga, springi imekatika, au oringi ya nje imeliwa. Uchafu, osha kwa dizeli safi. Kiti kikiwa na mkwaruzo usikipige msasa. Weka valvu nyingine.

Kabla ya kufungua chochote: baketi chini, injini zima, swichi iache imewashwa, chezesha liva pande zote mara kadhaa, kisha toa pumzi ya tanki. Na opereta wako asipapase hosi kwa kidole kutafuta tundu. Atumie kipande cha boksi. Mafuta ya presha yanapenya ngozi kama sindano, na hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda hakionekani.

Valvu kuu, ile ya presha ya mashine nzima, asiiguse mtu bila geji. Mashine yako ni ya mtumba: rangi ikiwa imepasuka kwenye nati ya valvu hiyo na nyuzi za skrubu zinang'aa, kuna aliyeikaza kabla ya kuuza ili ionekane ina nguvu.

Kuhusu pampu, kata filta ya mafuta yanayorudi tanki. Ukikuta vichenga vya njano kama shaba, nitamwomba radhi Fundi Mrefu mwenyewe.

Sasa nijibu. Bumu ikiwa juu na injini imezimwa, inashuka yenyewe? Kiasi gani kwa dakika tano? Ilianza ghafla au kidogo kidogo? Kuna aliyebadilisha hosi au sili karibuni? Presha ya pailoti, ile ndogo ya kuendeshea liva, mmepima, inafika bar 35? Na ile geji yangu ya 600, iko kwako au kwa Shemeji?

Wako,
Baba Juma