Sogezeni safari mpaka mwisho wa Septemba

Missoula, Montana
Katikati ya Agosti

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Watoto kila siku wananiuliza mtafika lini, na chumba chenu nimeshakitandika. Ndiyo maana barua hii imekuwa nzito kuiandika: naomba safari ya wiki ijayo muisogeze mpaka mwisho wa Septemba. Sababu ni kifua cha Neema, maana ana pumu na huku kumejaa moshi wa misitu inayoungua. Tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Hali ya hewa iko hivi. Joto limepanda mpaka nyuzi 35 na halishuki, na mvua ya maana hatujaiona muda mrefu. Kuanzia Jumanne jioni wanatabiri radi, kwa sababu kuna unyevu unaopanda kutoka kusini, upande wa Arizona na Utah. Alhamisi inaingia hewa baridi kutoka Pasifiki, na upepo mkali utaitangulia. Upande wa Idaho, ng'ambo ya milima, misitu inaungua tayari, na moshi wake tunaamka nao.

Najua ukisikia radi utasema basi, mvua imekuja, moto utazimika. Kwetu Uvira, Kongo, ndivyo ilivyokuwa. Radi za kwanza baada ya kiangazi zilikuwa habari njema, watu wanatoa majembe, na ule ukungu wa moshi wa nyasi zilizochomwa milimani unasafishwa juu ya ziwa. Huku Agosti si hivyo kabisa. Wingu linakaa juu sana na hewa iliyo chini yake ni kavu mno, kwa hiyo mvua inakauka njiani kabla haijagusa ardhi. Unaiona kwa macho yako: mistari ya kijivu inaning'inia chini ya wingu, halafu inaishia hewani. Lakini radi yenyewe inafika. Inapiga mti mkavu, na moto unaweza kujificha ndani ya shina au kwenye mizizi siku kadhaa bila mtu kuuona, mpaka itokee siku ya jua kali na upepo. Tena ile mvua inayokauka inaipoza hewa, hewa hiyo nzito inaporomoka, na ikifika chini inasambaa kwa upepo wa ghafla unaoukimbiza moto huku na huku. Usiwaze kwamba ni upepo wa kupeperusha nguo kambani. Julai 2024 upepo wa tufani ya radi ulizidi kilomita 120 kwa saa hapa mjini, miti ikaangukia nyumba, umeme ukakatika na mitaa mingine ikakaa gizani siku kadhaa.

Wazee wa hapa wakitaka kukueleza Agosti ni nini, wanakutajia mwaka 2017. Radi ya Julai iliwasha msitu karibu na Seeley Lake, mji mdogo ulio mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa. Moto ule, walioupa jina Rice Ridge, uliteketeza zaidi ya hekta 60,000 na ukaendelea mpaka Septemba. Kilichoniuma niliposimuliwa ni moshi. Kila usiku moshi ulikuwa unateremka na kutuama juu ya mji, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka idara ya afya ya Missoula ikawashauri wakazi wa Seeley Lake waondoke. Ushauri ule haukuwa kwa sababu ya miali ya moto. Hewa ndiyo ilikuwa haivutiki.

Mji wetu nao uko bondeni, umezungukwa na milima. Usiku hewa baridi inashuka na kulala chini, ya joto inabaki juu yake kama kifuniko cha sufuria, na moshi wote unabaki ndani. Mchana jua likipasha ardhi kifuniko kinafunguka, na alasiri mara nyingi unaweza kupumua. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni asubuhi, wakati ule ule watoto wanapotaka kutoka kucheza. Kwenye ubavu wa Mount Sentinel kuna herufi M kubwa nyeupe, ya zege, ambayo naiona nikiwa jikoni. Leo saa moja asubuhi sikuiona. Mlima wenyewe sikuuona. Jua lilikuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba jicho, na majani ya lengalenga bustanini yalikuwa na majivu mepesi ambayo ukiyagusa yanasagika vidoleni.

Sasa sikiliza habari ya Neema. Ndani ya moshi huu kuna chembe zisizozidi mikroni 2.5, wakati unywele mmoja wa mtu una unene wa mikroni 50 hadi 70. Pua haizizuii, koo halizizuii, zinakwenda mpaka chini kabisa ya mapafu. Mtu mzima mwenye afya anakohoa na kuumwa kichwa. Mtoto mwenye pumu anabanwa. Kuna kipimo cha hewa tunachokiangalia kwenye simu kila asubuhi, kwa rangi: kijani ni salama, njano si mbaya, chungwa tayari ni hatari kwa watu kama Neema, nyekundu ni hatari kwa kila mtu, kisha inafuata zambarau, na ya mwisho ni damu ya mzee. Wiki hii tumeshinda kati ya chungwa na nyekundu. Siwezi kumpokea mtoto wako katika hewa hiyo halafu nilale usingizi.

Na hiyo hewa baridi ya Alhamisi inawagawa watu mioyo. Inaweza kuusukuma moshi wote utoke bondeni kwa saa chache, tukaona nyota. Lakini upepo wake ndio wazima moto wanauogopa, na onyo la bendera nyekundu, yaani la upepo na ukavu unaoweza kueneza moto haraka, limeshatolewa. Upepo wa aina hiyo ndio uliokuja Agosti 20 na 21 mwaka 1910: kwa siku mbili moto ukala zaidi ya hekta milioni moja za Idaho na Montana, na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao wazima moto.

Kama tiketi imekataa kabisa kubadilishwa, niambie mapema nijiandae. Chumba chenu kitakuwa na feni ya mraba niliyoibandika kwa nyuma chujio la MERV 13, lile linalonasa chembe ndogo za moshi. Inachuja vizuri kuliko unavyofikiri. Madirisha tutafunga usiku na asubuhi, tutafungua alasiri hewa ikikubali. Sitakaanga, sitachoma udi. Wewe beba inhela mbili za Neema, si moja, na karatasi ya daktari, na barakoa za KN95 au KF94 za saizi ya mtoto, zinazobana vizuri usoni. Zile za kitambaa ziacheni, moshi unapita.

Lakini nakuomba ujaribu kwanza. Mpigie simu shirika la ndege, waeleze habari ya pumu ya mtoto. Mwisho wa Septemba mara nyingi mvua ya kweli imeshanyesha, milimani juu theluji imeanza kugusa, na hewa unaivuta mpaka tumboni. Tutawapeleka watoto mtoni, na wewe na mimi tutakaa nje mpaka usiku.

Nijibu kabla ya Ijumaa, maana kazini wananidai tarehe za likizo. Msalimie sana Baba Neema, na mwambie Neema kwamba mtoto wangu mdogo amemwekea kitanda cha upande wa dirisha.

Ni mimi dada yako anayekupenda