Kuhusu huyo Barzilai wenu

Ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimenyamaza. Kwamba shemeji ameingia mwezi wa nane salama, nashukuru sana, na umfikishie salamu zangu kabla ya kingine chochote. Kwamba kipimo kimeonyesha ni wa kiume na wewe umeshaanza kumwita Barzilai angali tumboni, hapo ndipo nilipovuta kiti nikakaa. Unasema umeniuliza mimi kwa kuwa naitwa Habakuki. Haya, umebisha mlango wenyewe.

Siku yangu ya kwanza darasa la kwanza, mwalimu alikuwa akiita majina kwenye rejista kwa kasi, Petro, Maria, Yusufu, kisha akasimama. Akaisogeza rejista karibu na macho. "Haba... Habakuki?" Kabla sijaitika, sauti moja kutoka dawati la nyuma ikamalizia: "Kuku!" Mpaka mapumziko nilikuwa Kuku. Wiki iliyofuata nikakuta dawati langu limechorwa kuku kwa kalamu ya wino, mdomo wazi, vidole vitatu kila mguu, kazi ya mtu aliyetulia kabisa. Niliusugua mchoro ule kwa mate, haukutoka. Nilimaliza shule ya msingi nikiwa Kuku, na wapo watu wazima wenye wajukuu ambao hadi leo hawanijui kwa jina jingine.

Lakini sikuwahi kulichukia jina langu. Nilichokasirika nacho ni kwamba nyumbani hakuna aliyenitayarisha. Baba alikuja kunieleza nikiwa na miaka kumi na miwili: kwamba nilizaliwa mwaka mbaya kwake, na kwamba mwishoni mwa kile kitabu kifupi cha Habakuki katika Biblia, cha sura 3, kuna mtu anayesema hata mtini usipochanua na zizi likikosa ng'ombe, yeye atafurahi katika Bwana. Ningeyajua hayo siku ile ya rejista, wangenichora kuku tu vilevile, ila mimi ningekuwa na la kujiambia.

Sasa turudi kwa Barzilai. Litamke kwa sauti, si kichwani. Ulimi wetu haupendi R na Z zikutane bila irabu katikati. Shangazi mmoja atasema Barizilai, mwingine Barazai, na kuna mzee atakayelifupisha kuwa Baraza, mtoto akae hapo kama kibaraza cha nyumba. Siku atakayogusa mpira mbele ya wenzake, ataitwa Brazili, na hilo halitabanduka. Kwa kweli ni afadhali mara mia kuliko Kuku. Tatizo litakuja akiwa hajui kucheza.

Kwa upande wa maana, umechagua vizuri kuliko unavyojua. Neno lenyewe kwa Kiebrania linatokana na chuma. Mwenye jina katika Biblia alikuwa Mgileadi, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu na kufika Mahanaimu na watu wamechoka, huyu mzee na wenzake wawili walimletea vitanda, mabakuli, vyungu, ngano na asali. Vita vilipokwisha, mfalme akamwomba waende wote Yerusalemu akatunzwe. Akakataa. Akasema kwa umri wake hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akaomba arudi afie karibu na kaburi la baba na mama yake, na kijana Kimhamu aende badala yake. Mimi napenda kwamba alitoa wakati mfalme hana kitu, na akakataa wakati mfalme ana kila kitu. Mtoto anaweza kusimuliwa hayo akiwa na miaka mitano na akaelewa. Si kila jina la kale lina bahati hiyo. Ungeniandikia Ikabodi ningekujia hapo nikuzuie kwa mikono, maana yule mama alimpa mtoto jina la kuondoka kwa utukufu akiwa anakata roho. Nabali maana yake ni mpumbavu, na mkewe mwenyewe alilisema mbele ya Daudi. Hata Yakobo, Raheli alipokufa akimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu, alikataa akamwita Benyamini.

Mama mkwe wako anasema ni jina la kizee. Ni kweli, na Biblia haitwambii lolote kuhusu utoto wa Barzilai. Lakini hata Methusela na miaka yake 969 aliwahi kubebwa mgongoni. Na majina huzunguka. Nuhu, kwa umbo lake la Kiingereza, Noah, lilikuwa la kwanza kwa watoto wa kiume Marekani kuanzia 2013 hadi 2016, na zamani huenda nalo mtu angeliona la babu mwenye ndevu. Sisemi Barzilai litafika huko. Halitafika. Lakini mdogo wangu aliitwa Danieli, jina lisilo na neno, na darasani kwake walikuwa wanne. Yeye alikuwa Danieli wa Tatu. Alikuwa akinionea wivu mimi Kuku.

Makaratasi nayo usiyadharau. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Abakuki, karani aliandika alichosikia. Cheti cha shule kinasema Habakuki. Kitambulisho kinasema Habakkuk, K tatu, sijui nani aliwashauri. Nikiwa mtu mzima nililipa wakili aniandikie hati ya kiapo kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Na ukidhani ni mambo ya leo tu, fungua Ezra sura ya 2. Kuna ukoo wa makuhani ambao babu yao alioa binti wa huyu huyu Barzilai akalichukua jina la wakweze. Waliporudi kutoka uhamishoni wakatafuta orodha ya nasaba yao, haikuonekana, wakaondolewa katika ukuhani. Jina lile lile, ndugu yangu! Biblia za Kiingereza huliandika kwa L mbili, zetu kwa moja. Chagueni moja, uliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako, na karani anakili mbele ya macho yako. Na muongezeeni jina la pili jepesi, ili akitaka siku moja kujificha apate pa kujificha.

Lakini yote hayo ni madogo. Kilichoninyamazisha niliposoma mara ya pili ni ule mfano wako wa Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Umeandika kwamba jamaa wa Zakaria nao walipinga, wakasema hakuna mtu wa ukoo wao mwenye jina hilo, naye akaomba kibao akaandika "Jina lake ni Yohana", basi, kwa hiyo na wewe utaandika. Isome tena Luka 1, taratibu. Ukimwacha malaika, aliyesema kwanza kwamba mtoto ataitwa Yohana ni mkewe Elisabeti, kwa mdomo wake, mbele ya jamaa wote. Zakaria alikuwa bubu. Alichoandika kwenye kibao ni kile ambacho mkewe alikuwa ameshakisema.

Katika barua yako ya kurasa tatu umenieleza anachosema mama mkwe, anachosema shangazi, anachosema jirani mwenye kucheka. Shemeji umemtaja mahali pamoja tu, kwamba "yeye hana neno". Mimi namfahamu shemeji. Akiwa hana neno ujue analo.

Utaniuliza mbona wanangu mimi nimewaita Yohana na Petro. Nilimtaka Obadia, kwa miezi sita. Mama yao alinisikiliza yote, kisha akaniuliza kama niko tayari kuamka usiku kumtuliza huyo Obadia siku atakayorudi shuleni analia. Nikajiona kwenye lile dawati. Nikaliacha.

Kwa hiyo nangoja barua nyingine. Mkae naye jioni moja, umsimulie habari za mzee wa Gileadi bila kumwambia unamshawishi, halafu umwache. Niandikie alichosema, kwa maneno yake, si kwa yako.

Wako,
Habakuki
(yule yule Kuku)