Nipimie kibaraza cha Ngamiani

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya alasiri

Somo yangu,

Salamu za huku ni nyingi kama vumbi la Agosti, na kama umewahi kuanika shuka nyeupe Dodoma mwezi huo utajua sitanii. Watoto hawajambo, baba yao hajambo, mama mkwe miguu inamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Juzi uliniuliza kwenye simu nyumba imefikia wapi, nikakujibu "tunaendelea". Nilikuwa ndani ya daladala, watu wamenibana, na aibu nayo ilinibana. Ukweli hatuendelei, tumerudi nyuma. Ile ramani niliyokutumia picha yake, ukaisifia, nimeichana.

Usishtuke, ngoja nikusimulie.

Kiwanja unakijua, kile cha Nala, huku huku Dodoma, mita 20 kwa 30, barabara iko upande wa kaskazini. Tulipomaliza kukilipia, mume wangu akapata mtu anayechora kwa kompyuta. Picha ilipendeza, we acha tu! Nyumba ya rangi ya krimu, paa la kuficha nyuma ya ukuta, gari jeupe mlangoni ambalo hatuna, na nyasi za kijani ambazo huku hazioti mpaka uzimwagilie kama mgonjwa wa homa. Vyumba vinne na masta yake, sebule, dainingi, jiko, stoo. Tukalipa. Nikaibandika ukutani jikoni, nikawa naitazama kila nikisonga ugali.

Kilichoniamsha ni kitanda. Asubuhi moja natandika cha wasichana, nikajigonga goti kwenye kabati kama ilivyo desturi ya nyumba hii ya kupanga, nikajiuliza: hivi kule kwenye ramani kitanda hiki kinakaa wapi? Nikachukua tepu. Chumba chao kimeandikwa mita 3 kwa 3. Fundi wetu akanifumbua macho kwamba mchoraji amepima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, kwa hiyo toa unene wa tofali la inchi sita, toa na plasta, unabaki na 2.80. Kitanda cha sita kwa sita kinakula 1.83. Kabati lina kina cha sentimita 60. Somo, zinabaki sentimita 37 za kupita binadamu, na mlango nao unataka kufunguka! Nikahamia korido: upana mita 1.2, urefu mita 9. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu mita 11 za mraba, yaani chumba kizima tumekipa kazi ya kupitia tu. Tofali zake tunanunua, sakafu yake tunamwaga, bati lake tunaezeka, na hakuna atakayelala humo.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Nala na mfuko wa majivu, vigingi na kamba ya manila. Tukaichora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta na kila mlango. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya mwaka huu, na halikutugharimu hata senti. Watoto wakaanza kugombania vyumba vya majivu. Mama mkwe tulimwekea kigoda kivulini, akawa anatutazama kimya. Halafu akauliza, "Mimi nalala wapi?" Nikamwonyesha, kule mwisho wa korido. "Na choo?" Nikamwonyesha, upande wa pili, karibu na sebule. Akasimama na mkongojo wake, akatembea polepole kutoka kitandani kwake pa majivu mpaka chooni pa majivu, akageuka: "Mkwe wangu, mpaka nifike huku usiku, nitakuwa nimeshafika zamani."

Tulicheka mpaka baba watoto akakaa chini. Lakini mimi nilicheka nusu. Ile nyumba tulikuwa tunasema tunajenga ili mama atoke kule kijijini, upande wa Kongwa, aje akae nasi, na kwenye karatasi tulikuwa tumempa mahali pa mgeni wa siku mbili.

Basi akapata nguvu, hakunyamaza tena. Akauliza jua linatua wapi. Tukamwonyesha, na kumbe dirisha letu la masta, kubwa kama mlango wa duka, linatazama huko huko. "Mtalala ndani ya tanuri," akasema. Binti yangu wa kidato cha tatu akatufafanulia kwa chungwa na kalamu. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita halitoki mbali na utosini, mwaka mzima. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini kidogo, miezi mingine kusini kidogo. Kuta za kaskazini na kusini unazikinga kwa upenu tu. Tumepiga hesabu, upenu wa sentimita 75 unatia kivulini karibu dirisha lote la mita 1.2 saa sita mchana, hata Juni jua linapokuwa limeegemea kaskazini kabisa. Ila ukuta wa magharibi haukingiki kwa upenu, maana saa kumi jua linaingia kwa ubavu. Huko unaweka vitu visivyolala wala kupumzika: stoo, bafu, choo. Sisi tulikuwa tumeweka kitanda.

Nikamuuliza mama, nyumba yenu ya zamani ilikuwaje. Tembe, somo. Umeziona kwenye picha: nyumba fupi, paa bapa la udongo juu ya magogo, kuta nene za miti na udongo, zimezunguka uwanja ambamo ng'ombe wanalala, na milango inafunguka kwa ndani. Mimi mtoto wa Tanga nilipofika huku nilidhani ni umaskini wa madirisha. Kumbe udongo ule mzito unachelewa kupata moto mchana na unachelewa kupoa usiku, na Julai huku, usiku, ukilala bila blanketi unaamka umejikunja kama kamba. Na upepo wa mashariki wenye vumbi lake unapita juu ya paa, uwani mmekaa mnatwanga. Si kwamba nataka kujenga tembe, baba watoto angenikimbia. Lakini nilikaa pale nikakumbuka nyumba ya bibi yako Ngamiani, kule Tanga: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ukitokeza nyuma uwani ndiko maisha yalipo, kupika, kufua, kusukana, umbea. Mgogo wa Kongwa na Mdigo wa Tanga hawajawahi kuulizana, na wote wamejenga uwa. Halafu sisi tuliosoma tunachorewa sebule ya kuweka kochi ambalo watoto wanakatazwa kukalia!

Sasa sikia ramani mpya, ya kwangu mwenyewe, kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja nusu mita. Nyumba ni mstatili mtupu, mita 16 kwa 9, ubavu mrefu unatazama kaskazini na kusini. Hakuna kona za urembo. Fundi ameniambia kila kona inakula nondo, kila bonde la bati ni mahali patakapovuja siku moja, na paa la kuficha kwa mvua zetu za kushtukiza ni kuficha ugomvi. Kwa hiyo bati la kawaida, mgongo mmoja, upenu mpana pande zote. Baba watoto hajafurahi. Ameniambia itafanana na darasa. Nimemwambia darasa halijawahi kunivujia.

Katikati kuna sebule na meza ya kulia pamoja, haina ukuta wa kuzitenga, na inatoboka kaskazini na kusini ili upepo upite. Korido imebaki kipande cha mita tatu. Mashariki vyumba vya kulala, magharibi jiko, stoo, bafu na vyoo, vyote vimegusana ukuta ili mabomba yawe mafupi na chemba za maji machafu ziwe upande mmoja. Jambo lingine nililojifunza kwa mama: upepo huku unatoka mashariki karibu mwaka mzima, basi jiko na shimo la choo vikae magharibi, harufu na moshi viondoke zao bila kupitia kwa watu. Ndani nitakuwa na jiko la gesi. Nje kwenye kona ya uwa kuna banda la mafiga, maana mama amesema mlenda wa gesi hauli, na mimi sina nguvu ya kubishana na Mgogo juu ya mlenda.

Chumba cha mama ndicho pekee cha kulala kilichovuka upande wa magharibi. Kimeegemea kusini na dirisha lake liko kusini tu, mlango wa choo umo humo humo, hatua nne kutoka kitandani. Nimezihesabu kwa miguu yake, si yangu. Mlango una upana wa sentimita 90 na hauna kizingiti. Na chumba kina mlango mwingine mdogo unaotokea uwani, ili asubuhi akatoke akaote jua bila kupita mbele ya mgeni. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipogombana kweli, yeye anasema mlango wa nje ni kumkaribisha mwizi. Tumepatana grili.

Maji nayo. Nimekuwa mbahili wa ndoo tangu nihamie huku, unajua. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote Desemba mpaka Aprili, halafu mbingu inafunga duka. Lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu pamoja na upenu ni kama mita 180 za mraba. Hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, ni karibu lita 80,000, ndoo 4,000 za lita 20! Hatuna hela ya tenki la kuyapokea yote. Tutaanza na la lita 5,000, ila nimechora mahali pa tenki la chini tangu sasa, kona ya kusini mashariki, mbali na shimo la choo, ili siku tukipata tusibomoe. Banda la zabibu litakuwa upande wa magharibi wa uwa, mizabibu ikipanda kwenye chanja itatupa kivuli cha saa kumi. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, nisifie.

Udongo haukunipa usingizi. Kona moja ya kiwanja ni mfinyanzi mweusi, ule wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Fundi alichimba mashimo matatu, tukaona nyumba ikisogea mita tatu kuelekea barabarani inakaa yote kwenye changarawe. Tumeisogeza. Na lenta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha, itazunguka nyumba nzima bila kukatika, kwa sababu huku ardhi hutikisika mara moja moja, usicheke, nimeshawahi kuamshwa na vyombo vya kabatini.

Wiki ijayo daftari langu linakwenda kwa msanifu aliyesajiliwa, alichore kisawasawa tuombe kibali cha ujenzi cha Jiji. Najua atalipunguza na kulirekebisha, na pengine atanicheka. Ila mahali pa kitanda cha mama hapagusi mtu.

Limebaki jambo moja, na ndilo limenikalisha kuandika badala ya kupiga simu. Mbele ya nyumba, kaskazini chini ya upenu, nataka kibaraza cha saruji kama kile cha bibi yako Ngamiani, tulichokuwa tunakaa kula mihogo na pilipili. Nimejaribu kukikumbuka kwa kipimo siwezi. Nakumbuka tu kwamba miguu yetu ilikuwa haifiki chini na ya bibi ilifika. Fundi ananiuliza kimo, sina jibu. Akikijenga kirefu miguu ya mama haitafika chini, akikijenga kifupi magoti yatamlilia akiinuka.

Ukipita kwenu, nipimie. Kimo kutoka chini mpaka pa kukalia, na upana kutoka ukutani mpaka ukingoni, kwa sentimita. Na usipime kwa shibiri, nakujua. Kama wamekivunja, muulize mama yako asimame akuonyeshe kilimfika wapi mguuni, nitumie hicho.

Wasalimie wote hapo, na mama mkwe anasema mbukwenyi, ndiyo salamu yao ya Kigogo.

Ni mimi somo yako